Kisu kizuri, ufuatiliaji dhaifu: tathmini ya huduma ya hospitali baada ya kuondolewa kibofu

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile anayopewa mgonjwa wa saratani anayeondolewa kibofu chote cha mkojo, tangu anapoitwa kliniki ya maandalizi hadi inapotimia miezi mitatu baada ya upasuaji. Kaka yangu mkubwa aliipata katika hospitali moja kubwa ya rufaa ambayo sitaitaja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza, kwa hiyo niliziona hatua zake kwa karibu, zile zilizofanywa kwa ustadi na zile zilizoachwa zijiendee zenyewe. Kwa kipimo cha nyota tano, chumba cha upasuaji nakipa nne, wodi naipa tatu, na kipindi cha baada ya kuruhusiwa nakipa moja na nusu. Huduma nzima naipa mbili na nusu. Wastani ungekuwa juu kidogo, lakini wastani hausemi kweli hapa, kwa sababu kipindi hicho cha mwisho ndicho kilichomrudisha mgonjwa kitandani akitetemeka kwa homa, na ndicho kilichoigharimu hospitali yenyewe kuliko vingine vyote.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini huduma ya namna hii ipimwe kwa maambukizi badala ya kupimwa kwa saratani iliyoondolewa. Jibu limo katika asili ya upasuaji wenyewe. Kwa mwanamume, kibofu huondolewa pamoja na tezi dume na vifuko vya shahawa. Kwa mwanamke, mara nyingi huondolewa pamoja na mfuko wa uzazi na sehemu ya ukuta wa mbele wa uke. Na kwa wote wawili hutolewa pia tezi za limfu za nyonga. Baada ya hapo daktari hukata kipande cha utumbo mwembamba, kiasi cha sentimita 15 hadi 20 ikiwa anatengeneza njia ya kutolea mkojo kwenye ngozi ya tumbo, au sentimita 40 na zaidi ikiwa anashona kibofu kipya, kisha anaiunganisha mirija inayotoka kwenye figo na kipande hicho. Njia ya tumboni ilienezwa na daktari Mmarekani Eugene Bricker mwaka 1950, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi. Kwa hiyo, katika upasuaji mmoja unaochukua saa nyingi, utumbo wenye bakteria unafunguliwa karibu na mahali mkojo unapopita, figo zinapoteza kizuizi cha asili kilichokuwa kikizuia mkojo kurudi juu, na mgonjwa anatoka akiwa na mshono mrefu, mrija wa kutoa majimaji nyongani, stenti mbili, yaani vijibomba vyembamba vinavyoachwa kwa muda ndani ya mirija ya figo ili isizibe, na dripu shingoni au mkononi. Kila kimoja kati ya hivyo ni mlango wa vijidudu.

Takwimu zinathibitisha hivyo. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali kubwa ya saratani jijini New York, iliyowafuatilia wagonjwa 1,142 kwa siku 90 baada ya upasuaji huu, ilionyesha kwamba asilimia 64 walipata angalau tatizo moja. Matatizo ya tumbo na utumbo yaliongoza kwa asilimia 29, maambukizi yakafuata kwa asilimia 25, na matatizo ya kidonda yakawa asilimia 15. Na hiyo ilikuwa hospitali yenye madaktari waliobobea, wanaofanya kazi hiyo mara kwa mara. Lakini namba iliyonishughulisha zaidi ni nyingine: kati ya wale waliopata matatizo, asilimia 58 waliyapata, au waliyapata tena, baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali inayoiona kazi yake kuwa imekwisha mgonjwa anapovuka lango la nje inajifumbia macho nusu ya kazi yake.

Nianze na kliniki ya maandalizi, ambayo kwa sehemu kubwa ilinifurahisha. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo hakuharakisha. Alimwambia kaka yangu waziwazi kwamba sigara, ambayo ndiyo kisababishi kikubwa zaidi cha saratani ya kibofu, sasa itamdhuru kwa njia nyingine, kwa kuwa kidonda cha mvutaji huchelewa kufunga na mapafu yake hushikwa na nimonia kwa urahisi, na akamtaka aiache wiki kadhaa kabla ya upasuaji, wala asingoje asubuhi ya kulazwa. Walipima wingi wa damu, sukari na hali ya lishe, na walipoona damu iko chini waliishughulikia mapema badala ya kungoja kumwongezea chupa za damu mezani. Hilo lina maana kwa mada yetu, kwa sababu upungufu wa damu, kisukari kisichodhibitiwa na mwili uliodhoofika kwa kukosa lishe ni mambo yanayojulikana kumsogeza mgonjwa karibu na maambukizi. Muuguzi wa stoma, yaani wa lile tundu la tumboni ambalo mkojo hutokea na kuingia kwenye mfuko unaobandikwa juu yake, naye alimketisha, akamsimamisha, akamwinamisha, kisha akaweka alama kwa kalamu mahali ambapo mfuko ungekaa bila kukunjwa na mkanda wala na mikunjo ya tumbo. Hatua hiyo ndogo hupuuzwa na wengi, lakini mfuko usiokaa vizuri huvuja, mkojo huunguza ngozi, na ngozi iliyochubuka hushikwa na fangasi na bakteria.

Upungufu wa kliniki hiyo ulikuwa mmoja. Hakuna aliyeuliza mgonjwa alikuwa ametumia antibiotiki zipi katika miezi iliyotangulia. Mtu mwenye saratani ya kibofu huwa ameshapitia uchunguzi wa kamera mara nyingi, ameshakwanguliwa uvimbe, ameshawekewa mpira wa mkojo, na kila mara ameandikiwa vidonge. Huenda bakteria wanaoishi mwilini mwake wameshazoea dawa za kawaida. Kumwotesha mkojo, yaani kuukuza maabara ili kuona bakteria waliomo na dawa inayowaua, wiki moja au mbili kabla ya upasuaji, na kuliweka jibu lake mahali ambapo daktari wa usingizi na daktari wa upasuaji wataliona, ni kazi nyepesi kuliko kutafuta dawa sahihi usiku wa homa. Mkojo wa kaka yangu ulioteshwa, jambo jema, lakini jibu lilikaa maabara mpaka upasuaji ulipokwisha kupita.

Chumba cha upasuaji ndicho kilichopata nyota nyingi, na kilistahili, ingawa kwa sehemu hii nategemea maelezo niliyopewa na kumbukumbu za faili nilizoruhusiwa kuzisoma. Dawa ya kinga iliingizwa mshipani ndani ya saa moja kabla ya ngozi kukatwa, kama inavyotakiwa kwa antibiotiki nyingi zinazotumika kwa kinga, na ilirudiwa upasuaji ulipozidi muda. Nywele za tumbo zilipunguzwa kwa mashine na hazikunyolewa kwa wembe, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo midogo inayokaribisha vijidudu. Mwili wa mgonjwa uliwekewa joto, na sukari yake ilifuatiliwa. Sehemu kubwa ya haya imo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 kuhusu kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, na si siri ya hospitali tajiri. Mengi yake hudai nidhamu kuliko fedha.

Jambo ambalo mgonjwa hana budi kuliuliza, na ambalo mimi niliuliza nikajibiwa bila kuonewa, ni idadi ya upasuaji wa aina hii unaofanyika hospitalini hapo kwa mwaka. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Ulaya kinapendekeza ufanyike katika hospitali zinazofanya angalau 10 kwa mwaka, na ikiwezekana zaidi ya 20. Watu hudhani sababu ni mkono wa daktari peke yake. Mkono una sehemu yake, lakini wodi iliyozoea wagonjwa hawa huitambua homa ya figo kabla haijawa janga, na muuguzi aliyeona stoma nyingi hujua kwa kutazama tu kwamba hii imeanza kugeuka rangi.

Hospitali hiyo hujivunia roboti yake ya upasuaji, ambayo daktari huiongoza kupitia matundu madogo ya tumboni, na picha zake zimebandikwa hadi kwenye kuta za ukumbi wa mapokezi. Sina ugomvi na roboti, ila matangazo yanaahidi kuliko ushahidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, ambao uligawa wagonjwa 350 kwa nasibu kati ya roboti na upasuaji wa kawaida wa kufungua tumbo, haukuonyesha tofauti ya maana katika jumla ya matatizo, na maambukizi ya njia ya mkojo yaliripotiwa kwa asilimia 35 upande wa roboti na asilimia 26 upande wa kisu cha kawaida. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, uliofanyika katika hospitali 9 na kuwahusisha wagonjwa 338, ulikuwa na habari njema zaidi kwa roboti, kwa kuwa matatizo ya kidonda yalikuwa asilimia 5.6 dhidi ya asilimia 16, na damu kuganda mishipani asilimia 1.9 dhidi ya asilimia 8.3. Pamoja na hayo, katika siku 90 za kwanza, wagonjwa wa roboti walikaa nje ya hospitali kwa wastani wa siku 82, na wale wa kisu siku 80. Ninavyosoma mimi, tundu dogo hulinda kidonda cha ngozi, lakini halibadilishi ukweli kwamba ndani utumbo umeunganishwa na figo. Hospitali ingekuwa na haki ya kujivunia kiwango chake cha maambukizi kama ingekibandika ukutani kando ya picha hizo. Niliomba kukiona, nikaambiwa hakijakusanywa kwa upasuaji huu peke yake.

Wodini nilikuta mchanganyiko. Mazoezi ya kupumua na kutembea yalianza mapema, na muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa na namna yake ya kumshawishi mgonjwa mkaidi: "Mzee, leo ni mpaka mlangoni tu, kesho utaniambia mwenyewe unataka kwenda wapi." Mtu aliyelala chali kwa hofu ya mshono hujaza mapafu makohozi, na nimonia ni mojawapo ya maambukizi yanayorefusha kulazwa baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo. Mrija wa nyonga uliondolewa ulipoacha kuwa na kazi. Chupa za kitakasa mikono zilikuwepo kila kitanda, zikitumika vizuri mchana na kwa uvivu usiku, hasa mwishoni mwa wiki, wakati muuguzi mmoja alipobeba wagonjwa wengi kuliko uwezo wa mtu mmoja. Sikusudii kumlaumu muuguzi huyo. Ratiba iliyompanga peke yake ndiyo yenye lawama, na mwenye ratiba hakuonekana wodini usiku.

Ninakosoa zaidi matumizi ya antibiotiki wodini. Dawa ya kinga, kwa upasuaji huu, inapaswa kukoma ndani ya saa 24, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza kuirefusha baada ya upasuaji kwa nia ya kuzuia maambukizi. Kaka yangu aliendelea kuchomwa sindano siku baada ya siku bila homa na bila sababu iliyoandikwa kwenye faili. Nilipouliza nilijibiwa na daktari kijana, kwa adabu, kwamba ni "kwa usalama". Usalama huo ni wa kudhaniwa. Dawa isiyo na kazi huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu, huvuruga utumbo na kufungua njia ya kuharisha kunakosababishwa na bakteria aina ya Clostridioides difficile, na hulea fangasi wa Candida ambao hupenda sana mkojo uliokaa karibu na mpira au stenti. Maambukizi yakija baadaye, kama yalivyokuja, yanakuwa ya vijidudu vilivyokwisha kuijua dawa ya kwanza.

Kisha kuna habari ya sampuli ya mkojo, ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona inafanywa kimakosa mahali pengi na madhara yake si madogo. Mtu mwenye stoma ya mkojo ana kipande cha utumbo ndani ya njia yake ya mkojo, na utumbo hutoa ute na hukaa na bakteria kwa hali ya kawaida. Kwa hiyo mkojo wake ukioteshwa siku yoyote, akiwa mzima kabisa, mara nyingi utaotesha kitu. Ukichukuliwa kutoka kwenye mfuko aliovaa tangu jana, utaotesha kila kitu. Jibu la namna hiyo haliwezi kumsaidia daktari. Humpotosha tu, kwani ataona majina matatu ya bakteria na kuandika dawa ya kutibu mfuko wa plastiki. Njia sahihi ni kuutoa mfuko, kuisafisha stoma, kisha kupitisha mpira mwembamba safi ndani ya tundu na kupokea mkojo unaotoka moja kwa moja. Zaidi ya hapo, mgonjwa asiye na homa, asiye na maumivu ya ubavu na asiye na dalili nyingine hana haja ya kutibiwa kwa sababu tu maabara imeona bakteria. Wodini hapo niliona sampuli ikimiminwa kutoka kwenye bomba la chini la mfuko, mara moja mbele ya macho yangu na mara nyingine kwa ushahidi wa kaka yangu. Muuguzi wa stoma alipoambiwa alikasirika, akaenda kuwafundisha wenzake papo hapo, na kwa hilo namheshimu sana. Lakini alikuwa muuguzi wa stoma pekee hospitalini, na Jumamosi hakuwa kazini.

Sasa nije kwenye kuruhusiwa. Mwelekeo wa hospitali nyingi leo ni kumrudisha mgonjwa nyumbani mapema, na kwa ujumla ni mwelekeo mzuri, kwa sababu kitanda cha hospitali nacho kina vijidudu vyake. Lakini ukimtoa mgonjwa mapema, lazima umpeleke pamoja na uangalizi. Kaka yangu alipewa cheti cha kuruhusiwa chenye kurasa mbili, ukurasa wa kwanza ukiwa na maelezo ya kitaalamu ya upasuaji na wa pili ukiwa na orodha ya dawa. Mahali pa kuandika dalili za hatari paliandikwa "arudi akipata tatizo". Tatizo lipi? Joto la mwili kufikia nyuzi ngapi? Mkojo ukipungua kwa kiasi gani? Mgonjwa huyu alikuwa bado na stenti zinazochungulia kutoka kwenye stoma, na hakuna aliyemwambia kwamba stenti moja ikiacha kutiririsha mkojo huku ubavu ukiuma, hiyo si dalili ya kungojea miadi. Wala hakuambiwa kwamba siku zinazofuata kuondolewa kwa stenti ni wakati ambao homa ya figo hujitokeza, kwa kuwa njia nyembamba iliyovimba inaweza kuziba kwa muda na mkojo wenye bakteria ukarudi nyuma.

Ndivyo ilivyotokea. Stenti zilitolewa kliniki asubuhi, jambo la dakika chache, na usiku wa siku iliyofuata homa ikapanda na meno yakagongana. Namba ya simu iliyokuwa kwenye cheti ilikuwa ya ofisi ya miadi, ambayo hufungwa jioni. Tulikwenda idara ya dharura, na huko tulieleza historia yote upya kwa mtu ambaye hakuwahi kuona stoma ya mkojo na aliyetaka kwanza kujua kwa nini mgonjwa haendi chooni kukojoa atoe sampuli. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 kuhusu sepsisi, yaani maambukizi yanapoufanya mwili kuanza kudhuru viungo vyake wenyewe, inataka mgonjwa aliyeingia katika mshtuko, au mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa na sepsisi, apewe antibiotiki ndani ya saa moja. Muda tulioupoteza kueleza kibofu kilikwenda wapi ungemaliza saa hiyo na kuanza nyingine. Haki lazima isemwe pia: daktari wa mfumo wa mkojo alipoitwa alikuja haraka, akaagiza damu ioteshwe, sampuli ichukuliwe inavyotakiwa na picha ya figo ipigwe ili kuona kama kuna mrija ulioziba, akaanzisha dawa, na usiku ule ule mambo yakashika njia. Bakteria aliyeoteshwa alikuwa Klebsiella sugu kwa dawa ile ile aliyochomwa siku zote zile wodini "kwa usalama".

Hapa ndipo mzigo wa hospitali unapoonekana kwa macho. Mgonjwa mmoja aliyerudi na homa alitumia kitanda cha dharura, kisha kitanda cha uangalizi maalumu, kisha kitanda cha wodi. Alipigwa picha za tumbo. Alipewa antibiotiki ya akiba inayoingizwa kwa dripu mara kadhaa kwa siku, kila mara ikihitaji muuguzi. Na kwa kuwa bakteria wake alikuwa sugu, aliwekwa chumba cha peke yake, huku kila anayeingia akivaa glavu na joho. Wengine hurudi wakiwa na hali nzito zaidi: jipu la nyonga linalohitaji kunyonywa kwa sindano chini ya picha, mshono wa utumbo unaovuja na kuwarudisha mezani, mfuko wa majimaji ya limfu uliogeuka usaha, au kidonda kilichofunguka kinachosafishwa kila siku kwa wiki kadhaa. Wako pia wanaorudi baada ya miezi, kwa sababu kovu limeubana muungano wa mrija wa figo na utumbo, na hao maambukizi yao hayaishi kwa dawa peke yake mpaka njia izibuliwe.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara yoyote humwangukia mtu mwingine. Kitanda kilichoshikiliwa na mgonjwa wa maambukizi ni kitanda ambacho mgonjwa anayefuata wa saratani alikuwa amepangiwa. Wakati kaka yangu akiwa chumba cha peke yake, nilimsikia msimamizi wa wodi akimpigia mtu simu kumwomba radhi kwamba upasuaji wake umeahirishwa. Katika saratani iliyokwisha kuingia kwenye msuli wa kibofu, kuchelewa zaidi ya miezi mitatu tangu kugunduliwa kwa ugonjwa kunahusishwa na matokeo mabaya. Kadhalika mgonjwa mwenyewe aliyeshambuliwa na maambukizi huenda akachelewa kuanza tiba ya kemikali au ya kinga aliyokuwa ameandikiwa baada ya upasuaji, kwa kuwa hakuna daktari atakayeanza kumshusha chembe nyeupe za damu mtu ambaye bado anapambana na usaha. Mwaka 2022 peke yake inakadiriwa watu wapatao 614,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya kibofu. Si wote wanaoishia kwenye upasuaji huu, kwani wengi hugunduliwa kabla haijaingia msulini, lakini foleni ya wanaouhitaji ni ndefu vya kutosha kufanya kila kitanda kilichopotea kuwa na jina la mtu.

Ndiyo maana nimeona alama ya nyota moja na nusu kwa kipindi cha baada ya kuruhusiwa si kali. Vitu vilivyokosekana havikuwa vya gharama. Simu inayopokelewa usiku na mtu wa wodi hiyo. Karatasi moja yenye lugha ya kawaida inayotaja nyuzi 38 za joto, ubavu kuuma, mkojo kupungua, kidonda kutoa usaha, kutapika na kuchanganyikiwa. Kadi ndogo ya kumwonyesha daktari wa dharura kwamba mtu huyu hana kibofu na sampuli yake huchukuliwa hivi. Na muuguzi wa kumpigia mgonjwa siku chache baada ya kufika nyumbani na tena baada ya stenti kutolewa. Ukiweka hayo yote kwenye mizani pamoja na bei ya siku moja tu ya uangalizi maalumu, mizani haitasita.

Je, ningempeleka mtu mwingine hapo? Kwa upasuaji wenyewe, ndiyo, bila wasiwasi mwingi. Daktari yule ana kisu kizuri na, muhimu zaidi, anajua kusikiliza. Lakini ningemtaka anayemuuguza ajiandae kufanya kazi ambayo hospitali haijaifanya. Aulize kabla ya kulazwa kama jibu la kuotesha mkojo limefika kwa daktari. Aulize, kila antibiotiki inapoendelea kupita siku ya kwanza, ni ya kutibu nini. Asikubali sampuli imiminwe kutoka kwenye mfuko. Siku ya kuruhusiwa asiondoke mpaka ameandikiwa namba ambayo ataipiga yeye mwenyewe akiwa bado wodini kuhakikisha inaita, na ajue tarehe ya kutolewa stenti ili usiku unaofuata asilale mbali na kipimajoto.

Niliwaandikia uongozi wa hospitali haya yote, bila nyota, na baada ya muda nilijibiwa kwa barua ya heshima kwamba wameanza kuandaa karatasi ya dalili za hatari na kwamba sampuli za wenye stoma sasa zina maelekezo yaliyobandikwa kwenye chumba cha wauguzi. Kuhusu simu ya usiku walisema suala liko kwenye bajeti. Alama ya wodi nitakuwa tayari kuipandisha nikisikia kwa wagonjwa wengine kwamba maelekezo hayo yanafuatwa hata Jumamosi; ile ya baada ya kuruhusiwa itabaki ilivyo mpaka simu hiyo ipokelewe.